Magofu ya Pwani na picha tusizozichora

Pita kwenye vibanda vya kuuza picha karibu na Fort Jesus, au vile vya ufuoni Nyali na Bamburi, kisha uhesabu. Utaona jahazi lililotweka tanga, jua likitua nyuma yake. Utaona Mmaasai na mkuki wake, ndovu watatu chini ya Mlima Kilimanjaro, mnazi ulioinamia maji, kichochoro cha Lamu na bibi mwenye buibui akipita. Ukibahatika utaiona Fort Jesus yenyewe. Lakini gofu, msomaji mpenzi, gofu hasa lenye ukuta uliomomonyoka na mti ulioota katikati ya sebule, utalitafuta mpaka miguu ikuume.

Jambo hili linashangaza, kwa maana kutoka visiwa vya Lamu hadi Kilwa miji iliyohamwa imetapakaa kando ya bahari. Mkazi wa Kisauni akipanda matatu ya Mtwapa huwa ameshakaribia magofu ya aina mbili: yale ya Mtwapa yenyewe yaliyo kando ya mkono wa bahari, na yale ya Jumba la Mtwana mbele kidogo, ufuoni. Mkazi wa Likoni akielekea kusini atafika Diani kwenye msikiti wa kale wa Kongo, uliozungukwa na mibuyu minene. Wa Changamwe ndiye mwenye taabu ya kubadilisha magari, lakini hata naye safari haimlazi njiani.

Huko Ulaya, kinyume chake, magofu yalichorwa hadi yakachosha. Kwa karibu miaka 300 kulikuwa na wachoraji waliokula, waliovaa na kulipa kodi ya nyumba kwa kazi hiyo moja tu: nguzo zilizovunjika, matao yaliyoota nyasi na anga yenye mawingu nyuma yake. Inafaa tutazame walifanyaje, na picha zile ziliyafanyia nini magofu yenyewe, kabla hatujarudi kwetu.

SHAMBA LA NG'OMBE

Roma ya kale, makao ya Makaisari, ilipoanguka haikufungwa uzio wala kuwekewa mlinzi. Ilisahauliwa. Udongo ulijaa katika uwanja wake mkuu mpaka nguzo zikazama nusu, na watu wakauita mahali hapo Campo Vaccino, yaani shamba la ng'ombe, kwa sababu mifugo ndiyo iliyokuwa ikilishwa na kuuzwa hapo. Marumaru za mahekalu zilitiwa katika matanuri zikachomwa kuwa chokaa, na chokaa ile ikajengea nyumba mpya.

Msomaji wa Pwani hahitaji kuelezwa habari ya tanuri la chokaa. Matumbawe yetu nayo huchomwa vivyo hivyo, na jiwe la kale likiwa karibu kuliko la baharini, mchomaji hataki kujua ni la kuta za nani.

La kupendeza ni kwamba mmoja wa watu wa kwanza kupiga kelele juu ya uharibifu ule alikuwa mchoraji. Raphael, yule yule aliyechora kuta za kasri la Papa, aliwekwa na Papa Leo wa Kumi mwaka 1515 kusimamia mawe ya kale, na yapata mwaka 1519 ikaandikwa barua kwa Papa kwa jina lake, ikilalamika kwamba Roma mpya inajengwa kwa chokaa ya marumaru za kale. Barua ile ilipendekeza magofu yapimwe na kuchorwa yote kabla hayajatoweka. Raphael akafa mwaka 1520 kazi haijaenda mbali.

Miaka michache baadaye, mwaka 1532, akaja Roma kijana kutoka Uholanzi aitwaye Maarten van Heemskerck. Alikaa mpaka karibu mwaka 1536, na muda wote huo alizunguka na karatasi zake akichora alichokiona: Colosseum, matao, sanamu zisizo na vichwa zikiwa zimelala katika bustani za matajiri. Alichora pia kanisa kuu la kale la Mtakatifu Petro likiwa linabomolewa nusu, na lile jipya likiwa linapanda nusu. Kanisa la kale halisimami tena leo. Anayetaka kujua lilikuwaje katika siku zake za mwisho huenda Berlin, zinakohifadhiwa karatasi nyingi za Heemskerck.

Bwana huyo hakuwa akifanya kazi ya serikali. Alikuwa akijifunza kuchora tu.

Karne iliyofuata alikuja Claude Lorrain, Mfaransa aliyezaliwa yapata mwaka 1600 na kuishi Roma karibu maisha yake yote. Huyu ndiye aliyelifanya gofu likae vizuri ndani ya mandhari. Katika miaka ya 1630 alichora Campo Vaccino na ng'ombe wake. Ukiitazama picha ile unaona nguzo za kale upande mmoja, zikiwa gizani kidogo, kisha jicho lako linapita katikati penye watu na mifugo, mpaka mbali kwenye mwanga wa rangi ya asali. Siri yake haikuwa mawe, ilikuwa ni hewa iliyo kati ya jiwe na jiwe. Vitu vya karibu alivitia rangi nzito na vya mbali alivififiza, mpaka mtazamaji akahisi anaweza kutembea ndani ya turubai.

Baada ya Claude biashara ilipamba moto. Vijana wa matajiri wa Uingereza walipelekwa Italia kumaliza masomo, na kila mmoja alitaka kurudi na picha, kama vile watalii wetu wanavyotaka kurudi na kinyago. Giovanni Paolo Panini, aliyekufa mwaka 1765, aliwarahisishia mambo. Kwa kuwa mteja hakuwa na nafasi ya kununua picha kumi, Panini aliyakusanya magofu yote mashuhuri katika picha moja: Pantheon huku, Colosseum kule, nguzo ya Trajan katikati, kana kwamba yamejengwa kiwanja kimoja. Mwenye kuijua Roma alicheka. Mnunuzi aliridhika.

Mimi sioni kosa sana katika mzaha huo wa Panini. Mchoraji wetu anayeweka ndovu na jahazi katika turubai moja ni mjukuu wake.

WATU WENGI MNO

Hubert Robert wa Paris ndiye anayenivutia zaidi katika kundi hili, kwa sababu mbili. Alikaa Italia miaka 11, kuanzia 1754, akarudi kwao na jina la utani la Robert wa Magofu. Katika picha zake utaona mwanamke akifua nguo kwenye chemchemi iliyokuwa ya mfalme, kamba ya nguo imefungwa kwenye sanamu ya shujaa, watoto wanacheza juu ya jiwe lenye maandishi ya Kilatini. Mwandishi Diderot alipoziona mwaka 1767 alizisifu, kisha akamlaumu. Watu ni wengi mno, alisema. Kwa maoni yake wengi wao wangefutwa, wabaki tu wale wanaozidisha upweke na ukimya wa mahali.

Hoja hii ya Diderot ndiyo iliyoshinda. Tangu hapo, gofu zuri kwa macho ya wengi ni gofu tupu. Mbuyu, ukuta, mwezi, bundi, basi. Waingereza walizidi hata kiasi. Kasisi mmoja aitwaye William Gilpin, katika kitabu chake cha mwaka 1782 kuhusu safari ya mto Wye, aliyatazama magofu ya kanisa la Tintern akaona kuta zake za pembeni zimebaki nzima kupita kiasi, akaandika kwamba nyundo ikitumiwa kwa busara ingeweza kuzirekebisha. Yaani libomolewe kidogo lipate kuwa gofu zuri! Na matajiri wengine wasiokuwa na gofu shambani mwao walijenga jipya, lenye mnara uliokwisha anguka, ili wageni walione wakiwa wanakunywa chai. Fundi wa Mombasa akiambiwa ajenge nyumba iliyobomoka angeuliza kwanza kama malipo nayo yatakuwa nusu.

Sababu ya pili ya kumpenda Robert ni picha aliyoionyesha mwaka 1796. Wakati huo jumba la Louvre mjini Paris lilikuwa limegeuzwa kuwa makumbusho ya umma, na Robert alikuwa miongoni mwa waliohusika na matengenezo yake. Alichora ukumbi wake mrefu jinsi utakavyotengenezwa uwe na mwanga mzuri. Kisha akachora ukumbi ule ule ukiwa gofu: paa limeporomoka, majani yameota, watu wanaota moto, na kijana mmoja ameketi anachora sanamu iliyosalia. Jengo lilikuwa zima, wenyewe wanaliona, naye akawaonyesha mwisho wake.

Sisi wa pwani hii tumeliona jambo la namna hiyo pasipo kuchorewa. Beit al-Ajaib ya Unguja, iliyojengwa mwaka 1883, ilichorwa na kuuzwa katika vibanda vya Mji Mkongwe mara zisizohesabika, ikiwa na nguzo zake na mnara wake wa saa. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake kubwa iliporomoka pamoja na mnara, na watu wawili wakapoteza maisha. Picha zile za vibandani, ambazo wengi wetu tulizidharau kuwa za watalii, kwa siku moja ziligeuka kuwa kumbukumbu.

SISI TULITUMIA KALAMU NA MSUMARI

Isidhaniwe kwamba Waswahili hawakuyatazama magofu yao. Waliyatazama sana, lakini mchoraji wao alikuwa mshairi. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa Pate, katika utenzi wake wa Al-Inkishafi uliotungwa yapata mwanzoni mwa karne ya 19, anapita katika majumba ya fahari yaliyobaki matupu. Anaonyesha vidaka vya ukutani vilivyokuwa vya kuwekea vyombo vya Kichina sasa vina vifaranga vya ndege, na popo wakining'inia palipokuwa na watu. Mwanafunzi aliyeusoma utenzi huo darasani kwa ajili ya mtihani tu, na ausome tena akiwa na penseli mkononi. Ni mandhari kamili: mwanga, sauti, hata vumbi limo.

Tena kuta zenyewe ziliwahi kuchorwa. Katika magofu ya Gede na ya Kilwa kuna michoro ya majahazi iliyokwaruzwa kwenye lipu ya chokaa kwa kitu chenye ncha, pengine msumari au kisu. Peter Garlake na mkewe Margaret waliinakili na kuichapisha mwaka 1964. Nani aliikwaruza? Baharia aliyekuwa akingoja upepo, mtoto mtundu, mwenye nyumba aliyekuwa akiomba chombo chake kirudi salama, hakuna aliyetia sahihi. Na ndani ya Fort Jesus pamehifadhiwa ukuta uliochorwa na Wareno katika karne ya 17 kwa mkaa na udongo mwekundu, wenye meli, makanisa na watu. Wale askari walikuwa mbali na kwao, wakachora walivyovikumbuka. Wageni wengi hupita pale haraka wakikimbilia mizinga.

Kwa hiyo mkono wa kuchora ulikuwapo, na jicho la kutazama gofu lilikuwapo. Ambacho hakikukutana ni hivi viwili.

SAFARI YA JUMBA

Nilikwenda Jumba la Mtwana siku ya katikati ya wiki, wakati watoto wako shule, nikiwa na daftari la karatasi nyeupe na penseli mbili. Jumba liko kama kilomita 15 kaskazini ya Mombasa, ndani ya Kaunti ya Kilifi, na husimamiwa na Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Ulikuwa mji wa karne ya 14. Mwanzoni mwa karne ya 15 wenyewe waliuacha, na sababu haijulikani kwa hakika: wengine husema ni maji, wengine biashara, wengine vita. James Kirkman, yule aliyeichimbua Gede na Fort Jesus, aliufukua mwaka 1972. Nyumba zake hazina majina ya wenyewe, basi zimepewa majina ya kinachoonekana, kama vile Nyumba ya Silinda na Nyumba ya Milango Mingi. Msikiti mmoja huitwa Msikiti wa Bahari.

Jambo la kwanza analogundua mwenye kukaa chini kuchora ni kwamba ukuta wa matumbawe si mweupe. Ukiupaka mweupe umeshindwa. Kwa mbali ni kijivu, ukikaribia una weusi wa kuvu kama masizi ya sufuria, mahali lipu ilipobanduka jiwe lina rangi ya mchanga wa pwani, na penye unyevu kuna kijani. Matundu yake madogo yanakamata kivuli, kwa hiyo ukuta mzima unaonekana kama umetiwa nukta. Penseli laini inafaa kuliko kalamu.

Jambo la pili ni miti. Miti mikubwa imesimama kati ya nyumba, na mbuyu mmoja unaweza kulifanya jumba la chumba cha mita kadhaa lionekane kama kibanda cha kuku. Anayetaka kuonyesha ukubwa wa nyumba lazima aweke mtu. Hapo nikamkumbuka Diderot na lawama zake, na nikaamua kumpinga.

Kwa maana magofu yetu hayako tupu. Kuna mfagiaji anayekusanya majani. Kuna wavuvi wanaokatiza kuelekea ufuoni. Kuna bwana na bibi harusi waliokuja kupigwa picha, na darasa zima la watoto wenye sare wakimuuliza mwalimu choo kiko wapi. Tena katika baadhi ya magofu ya Pwani utakuta chetezo cha ubani na kipande cha kitambaa, ishara kwamba mtu alipita na haja yake. Msikiti wa Kongo kule Diani unasaliwa mpaka leo. Mgeni akija na turubai lake huwa anawafuta hawa wote, anabakiza mbuyu na mwezi, na picha yake inasema kwamba wenye mji walikufa wote wakaisha. Ni picha nzuri, nayo ni ya uongo. Wajukuu wa miji ile wako Kisauni, wako Mtwapa, wako Likoni wanangoja feri.

Kwa hiyo Robert aliyeanika nguo kwenye sanamu ndiye mwalimu wetu, si Gilpin na nyundo yake.

KINACHOPOTEA

Haya si maneno ya kupitisha Jumapili tu. Mtwapa ya leo ni mji wa maghorofa, maduka na kelele za muziki usiku kucha, na magofu yake yamezungukwa na nyumba za watu. Sheria ipo, Sheria ya Makumbusho na Turathi ya mwaka 2006 inakataza kuharibu mahali palipotangazwa kuwa turathi. Gede iliingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia mwaka 2024, na Fort Jesus ilitangulia mwaka 2011. Lakini kwa kila Gede kuna visima, makaburi na kuta ndogo ndogo upande wa bara, ndani ya mashamba ya watu, visivyo na kibao wala mlinzi. Jiwe moja hubebwa kuzuia mlango, la pili kutengeneza jiko, na baada ya miaka 20 hakuna anayekumbuka ukuta ulikuwa wapi.

Utaniambia siku hizi kila mtu ana simu yenye kamera. Kweli. Lakini tazama simu yako mwenyewe: una picha ngapi za gofu ambamo wewe hukusimama mbele yake umelikinga? Kamera huchukua yote kwa mara moja, na mpigaji huondoka bila kuona kitu. Anayechora hulazimika kuhesabu. Mlango una vizingiti vingapi? Kidaka kiko kushoto au kulia? Ukuta huu umejengwa pamoja na ule, au uliongezwa baadaye? Garlake, katika kitabu chake cha mwaka 1966 kuhusu majengo ya kale ya Kiislamu ya pwani hii, alichora misikiti na nyumba kwa vipimo, na wataalamu bado wanakifungua kitabu hicho kwa ajili ya michoro ile.

Wala si lazima liwe gofu la miaka 600. Pale Kengeleni, Kisauni, watu hupita kila siku karibu na mnara wa kengele ya Freretown, makazi yaliyoanzishwa na wamishonari wa Kianglikana katika miaka ya 1870 kwa ajili ya watu waliookolewa utumwani. Kengele ile ililizwa kuwaonya wakazi hatari ikija, na mahali pakapata jina lake hapo. Ni abiria wangapi wanaoshuka Kengeleni wameitazama kengele yenyewe? Na kwa watu wa Changamwe, kile kiwanda cha kusafishia mafuta kilichofunguliwa mwaka 1963 kiliacha kusafisha mwaka 2013. Matangi yake yanatumika kuhifadhia mafuta, lakini minara na mabomba yake dhidi ya anga la jioni ni mandhari ambayo Hubert Robert asingeiacha ipite. Ichoreni kutoka barabarani lakini, msije mkaulizwa na askari mnachora ramani ya nini.

KWA WANAOTAKA KUJARIBU

Mzazi mwenye watoto wa shule asiogope gharama. Karatasi ngumu, penseli ya 2B na ya 4B, kifutio, na kipande cha ubao cha kuegemea vinatosha. Rangi za maji zije baadaye. Chukueni maji ya kunywa na kofia, na mjue kuna kiingilio kidogo. Watoto wasipande juu ya kuta. Chokaa ya miaka 600 haitaki viatu vya mpira. Wala lipu isiguswe kwa msumari, hata kama wa kale walifanya hivyo.

Mpeni kila mtoto kitu kimoja tu cha kuchora: mlango mmoja, kisima kimoja. Mtoto akiambiwa achore gofu zima atachora nyumba yenye paa la pembetatu kama afanyavyo siku zote. Akiambiwa achore mlango mmoja, atagundua mwenyewe kwamba tao lake lina ncha juu, na kwamba jiwe la katikati limekatwa tofauti na mengine.

Saa nayo ni muhimu. Jumba linatazama bahari, na bahari iko mashariki. Kwa hiyo kuta za upande wa maji hupata jua la asubuhi, kuanzia saa moja mpaka saa tatu hivi, likiwa la ubavuni na kila tundu la jiwe lina kivuli chake. Saa sita mchana msihangaike: jua liko utosini, ukuta unakuwa bapa kama karatasi, na jasho linadondokea kazi. Alasiri mwanga huja kutoka bara ukipitia kwenye miti, wenye madoa madoa, mzuri kwa aliyezoea lakini mgumu kwa anayeanza.

Na anayetaka kuichora mihrabu katika Msikiti wa Bahari ahesabu miezi. Kibla chetu ni kaskazini, basi mihrabu inatazama kusini, ndani ya msikiti usiokuwa tena na paa. Wakati wa kusi, katikati ya mwaka, jua hupita upande wa kaskazini na kuiacha kivulini. Mnamo mwanzo wa Oktoba huvuka kwenda kusini, na tangu hapo hadi siku za mwanzo za Machi huingia na kuumulika ukuta ule wa kibla, mchongo kwa mchongo.